Beleshi la Titani la Rimma Nikitichna

Jumanne, 1 Machi 1983

Balaa! Savva Gurin amemposa Rimma Nikitichna. Savva yule mchomeleaji, mtu asiyefungua mdomo zamu nzima! Nilipoambiwa kantini, kijiko kilizama kwenye supu ya kabichi. Rimma amesema atatoa jibu baada ya sikukuu ya wanawake, tarehe nane. Kwa hiyo hajakubali. Kwa hiyo mimi, Pankrat Yevseyich, mtunza stoo ya gesi, mgane mwenye vyumba viwili na meno yangu yote, bado nimo.

Rimma ndiye mkaguzi wa mishono iliyochomelewa ya nyambizi hapa kiwandani. Mwanamke wa shoka! Akipita na kioo chake cha kukuzia, wachomeleaji wazima wanatokwa jasho. Juzi alimfukuza karakanani mkubwa mmoja kutoka Moscow kwa sababu ya vumbi la viatu. Nampenda. Naandika wazi, maana humu hasomi mtu.

Leo asubuhi nilimwona akiondoa theluji mlangoni kwake kwa beleshi la chuma, zito, limeliwa na kutu. Akasimama, akajishika kiuno. Wazo likanijia palepale. Beleshi la titani, ile metali nyepesi ya nyambizi zetu!

Jumatano, 2 Machi

Nani katika mji huu hana kitu cha titani? Binamu yangu Tikhon ana nanga ya mtumbwi. Mhandisi mkuu wa zamani, marehemu, ana uzio wa kaburi. Hakuna anayesema wizi. Tunasema kitu kimetoka. Nami nachukua mabaki ya pipani tu.

Nimepeleka mitungi ya gesi ya agoni karakana kubwa. Miaka yote hii, na bado nikiingia mle naishiwa pumzi. Nyambizi nzima ya titani! Nyepesi kuliko ya chuma, haijui kutu, sumaku haiishiki, na inazama kina ambacho nyingine zingepondwa. Sakafu imepigwa deki mpaka unaona uso wako. Wachomeleaji wamevaa nyeupe kama madaktari wa upasuaji. Kina mama wanafuta kingo kwa vitambaa na spiriti, maana titani ikipata moto inakuwa na uroho wa hewa, na lazima ifunikwe kwa gesi. Gesi yangu! Nilisimama nikitabasamu mpaka nikaambiwa nafunga njia.

Ukutani kuna bango la rangi za mishono. Juu fedha, chini yake dhahabu, halafu bluu, mwisho kabisa nyeupe ya unga. Maandishi yake madogo sijawahi kuyasoma. Ya nini? Fedha kwanza, kisha dhahabu: kila mtoto anajua mambo yanaelekea wapi. Savva, maskini, mishono yake yote ni fedha. Hajapanda hata ngazi moja! Mimi nitampa Rimma bluu.

Ijumaa, 4 Machi

Nimepita langoni na bati la titani limefungwa mgongoni, ndani ya koti. Mlinzi ni Mama Glafira, mjane, hodari wa kufuma soksi. Si akaangusha donge lake la uzi miguuni pangu! Akaniomba nimwokotee. Nilishuka wima kama lifti, nikapapasa hewa, nikapanda tena mikono mitupu.

"Wee Pankrat, umemeza ufagio?"

Nikasema ni kiuno. Akanihurumia, akanipiga kofi la upole mgongoni. Mgongo ukalia ngoo! Tukatazamana. Nikamwona Rimma akiolewa, nami nikivunja mawe mahali fulani. Mama Glafira akasema kwamba mgongo ule una sauti nzuri, nikaupumzishe nyumbani, na nisisahau kuwa kikaango chake kimetoboka.

Mwanamke mwenye busara sana.

Jumapili, 6 Machi

Karakana ndogo ya Tikhon. Tikhon ana mashine ya kuchomelea, mimi nina mtungi wa agoni uliobakiwa na gesi kidogo (mzima ungeonekana umekosekana stooni) na chupa ya spiriti ya kufutia. Tikhon akasema baridi ni kali, na ni dhambi kukipa chuma kitu ambacho binadamu anakihitaji. Nikaona ana hoja. Chupa tukainywa, kingo tukazifuta kwa glovu yake.

Katikati ya mshono gesi ikakata. Tikhon akataka tuache. Nikamwambia ukiacha, undugu umekwisha. Akaendelea. Na hapo ndipo ilipotokea! Rangi ikaja yenyewe, kidogo dhahabu, halafu bluu, bluu tupu, kama shingo ya njiwa. Machozi yalinitoka. Tikhon alisema ni moshi. Hajui mapenzi yule.

Jumanne, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nyumbani kwa Rimma, keki, saladi, jamaa na majirani. Savva kasimama mlangoni na kishada cha maua ya mimosa, akampa, akasema, "Haya." Basi, hotuba imekwisha! Zamu yangu. Nikafungua gazeti nililofungia beleshi. Watu wakasema loo! Mama yake Rimma, bibi wa miaka themanini, akalinyanyua beleshi kwa vidole viwili, akacheka kama msichana. Na Rimma akanitazama. Mimi! Akatabasamu.

Kisha akaligeuza. Tabasamu likaondoka. Akatoa kioo kwenye mkoba (anakwenda nacho hata kwenye keki) akauliza ni nani aliyechomelea. Nikasema kwa unyenyekevu kuwa ni mimi, Tikhon alishika mashine tu. Akatoka kizingitini, akaligonga kwenye barafu mara moja. Tak! Mpini mkononi, bati chini.

"Pankrat Yevseyich, bluu ni hewa. Mshono umekunywa hewa, umekuwa biskuti. Kinachopita ni fedha tu. Kila ukishuka kwenye lile bango, unakaribia kaburi."

Halafu akasema, polepole, kwamba Mitya wake, mwanawe wa pekee, yuko chini ya barafu sasa hivi ndani ya mojawapo ya nyambizi zetu. Kati yake na bahari hakuna kingine ila titani na mishono. Na yeye usiku anapata usingizi kwa sababu anajua mishono ile ni ya nani. Akamtazama Savva.

Hakuna aliyegusa keki. Hata mimi nilimtazama Savva, mikono yake ile mikubwa imeshika kofia, na lazima niseme ukweli: nilimwonea fahari. Mji mzima unalala juu ya mikono ile. Yeye akainama, akaokota bati langu. "Nitalirekebisha," akasema. Neno moja zima!

Alhamisi, 10 Machi

Amekubali. Harusi mwezi wa tano.

Nilipita kwake asubuhi. Alikuwa anaondoa theluji kwa beleshi langu, haraka, kiuno kimenyooka, theluji inateleza bila kuganda. Mshono mpya ni wa fedha, mwembamba kama uzi. Mzuri, siwezi kusema uongo. Akanipungia mkono, akasema hajapata kuwa na zawadi nzuri kama ile. Nikaenda zangu.

Langoni Mama Glafira akaniuliza hali ya mgongo. Akaniuliza pia hali ya kikaango. Akanipa andazi la kabichi, la moto, amelifunika kwa soksi aliyofuma mwenyewe. Sikuwahi kuona kuwa ana macho ya kijani.

Mei Mosi haiko mbali. Bati lipo pipani, Tikhon nitamtuliza. Maneno ya Rimma siyaweki moyoni, mtu akimkumbuka mwanawe husema mengi. Lakini leo nimesimama mbele ya lile bango muda mrefu, na kosa langu nimeliona. Niliishia njiani! Chini ya bluu bado kuna nyeupe, na katika mji huu wote hakuna mwanamke mwenye kikaango cha mshono mweupe.