Darubini Yangu na Ufunguo wa Majitaka

Jumatano, 6 Novemba

Imefika! Darubini mpya, ya bei ya kati. Si ile ya kitoto, wala si kama ya Beryl Tonkin, ya bei ya gari. Bawaba imekaza, gurudumu la kulenga laini, halichezi. Mpira umeshika, hakuna gundi iliyovuja. Nimelenga bango la duka la nyama ng'ambo ya barabara. Herufi safi mpaka pembeni. Karibu na pembeni.

Mke wangu Glenys kauliza ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani. Nimelilenga bango tena.

Sasa mpango. Beryl ndiye mshika ufunguo wa mabwawa ya majitaka. Kila mpenda ndege hapa Wirrinup anajua ndege wote wa maana wako majitaka. Yeye huingia atakapo, sisi wengine tunangoja safari ya chama chetu cha watazama ndege. Nimempigia simu, nikamwambia darubini yangu haipitwi na yake. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema nikilithibitisha hilo mbele ya chama, ufunguo ni wangu. Nikishindwa, nisiuombe tena maisha yangu yote.

Nimekubali bila kusita. Nilisita kidogo.

Ijumaa, 8 Novemba

Akili ni mali! Nimezifunga darubini zote mbili kwa utepe mweusi, watu wasione jina la kampuni wakahukumu kwa jina. Beryl kaniletea yake kwa shingo upande. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Keith. Kaniambia ikipata hata mkwaruzo, nihame mji. Nimeapa.

Umbo moja, uzito mmoja. Glenys kauliza nitazitofautishaje. Nimemwambia jicho la fundi halikosei. Kaguna.

Jumamosi, 9 Novemba

Mungu wangu!

Tumefika majitaka asubuhi, chama kizima, Glenys pia, nzi kama kawaida. Watu wakapokezana darubini, wakabishana, hawakukubaliana. Mara Beryl kapiga kelele: kitwitwi wa Siberia, yule ndege wa mdomo uliopinda juu, kwenye tope la mbali kabisa! Hakuibandua darubini machoni. Kasema kitu kama hicho huwezi kukiona kwa kioo cha bei rahisi, na mimi nianze kuusahau ufunguo.

Nikapandwa na hasira. Nikawaambia basi watazame uimara. Yangu haiingii maji! Nikachota ndoo ya maji ya bwawa, nikaitumbukiza humo darubini iliyokuwa mkononi mwangu. Nikaikoroga kabisa, kama chai.

Nilipoitoa, utepe ukabanduka. Chini yake, herufi zimechongwa: K. T.

Keith Tonkin.

Beryl kaja, kainyakua, kaifuta kwa skafu yake. Ukungu ukitokea ndani ya vioo, kwaheri ufunguo, kwaheri chama, kwaheri Wirrinup. Tukangoja. Glenys alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu mafuriko ya miaka ile.

Kavu! Kavu kabisa! Nimekaa chini kwenye majani nikacheka kama mwehu. Beryl naye machozi yalimtoka. Kasema kumbe Keith aliiosha bombani kila Jumapili, ila yeye alikuwa amesahau. Halafu akaitazama ile nyingine iliyokuwa shingoni mwake. Yangu! Ndiyo iliyomwonyesha kitwitwi.

Beryl ana mambo yake, lakini si mwongo. Kauchomoa ufunguo. Kasema ahadi ni deni, niuchukue upesi kabla hajaninyonga. Nimekula keki tatu za nazi. Raha!

Jumatatu, 11 Novemba

Peke yangu majitaka! Nimeingia, nimefunga lango kwa kufuli nyuma yangu, ndiyo sheria.

Ufunguo nimeuvalisha kishikizo kipya cha kuelea majini. Bei ya kati, mshono mzuri, rangi haichubuki. Ila fundi wa kweli hasadiki maneno ya dukani. Nikautupa bwawani kuujaribu.

Haukuelea.

Uzio wa waya ni mrefu, goti bovu, siwezi kuuruka. Nimempigia Glenys, kasema ana shughuli, atamtuma Beryl mwenye ufunguo wa akiba. Afadhali! Nimeokoka.

Gari lake linakuja, bado liko mbali sana. Nimeinua darubini. Uso wa Beryl naupata wote, ndita moja moja, na midomo inavyolitaja jina langu. Safi mpaka pembeni. Kwa bei ile, hupati bora zaidi.