Pikipiki Inayokunywa Jua

Sisi watu wa Garissa tuna jua la kuigawia dunia nzima na bado likabaki la kutuunguza visigino. Kwa hiyo Guleid alipotokea sokoni na pikipiki ya umeme, paneli ya sola imefungwa juu yake kama mwavuli, tulimwamini sote. Mimi nilikuwa mbele kabisa, mdomo wazi, mbuzi wangu wa kubadilishana nimemshika kamba.

"Haijui petroli, haijui soketi," Guleid alitangaza. "Inakunywa jua tu, wallahi!"

Kumbe paneli ilikuwa imekufa zamani, aliiokota jalalani. Pikipiki yenyewe ilikuwa nzima, na ndiyo mali yake yote duniani, maana aliuza mbuzi wote aliorithi kule Tarbaj ili aipate. Chaji aliiba uani kwa hoteli moja. Kila usiku alichomoa friji fulani, akachomeka pikipiki, na alfajiri akarudisha waya mahali pake kama mtu mwenye adabu.

Guleid hakumtaka mbuzi wangu. Alitaka ngamia wa Shurie, mama anayeleta maziwa kutoka porini, ambako hakuna hata nguzo ya stima.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Shurie alimuuliza, kama tuulizavyo kabla ya bei.

Guleid alikuwa amejiandaa. Alitaja baba, babu na baba wa babu, mpaka akatua kwa babu yake Shurie mwenyewe.

"Subhanallah! Kumbe ni mjukuu wa ami yangu!"

Wazee wa ukoo wakaacha chai yao, wakaja kumkumbatia, wakamwombea dua ndefu. Guleid akaitikia amina huku akimtazama ngamia.

"Umekuja wakati mzuri, ina adeer, binamu yetu," akasema mzee Barre. "Ukoo unachangia harusi. Kila mwanamume anatoa alichokuja nacho."

Guleid akapiga hesabu haraka. Akikana, soko zima litajua kwamba ameiba mababu wa watu, na hapa kwetu mwizi wa ngamia husamehewa mapema kuliko huyo. Akatoa ufunguo. Maskini, nilimhurumia kidogo.

"Harusi ya nani, kwani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bibi harusi bado tunamtafuta," akajibu Barre, na akakalia pikipiki.

Shurie akaifungua paneli, akamkabidhi. "Hii baki nayo, ndugu yangu, ikukinge jua njiani." Kisha akammiminia kikombe cha maziwa. "Na unywe kwanza. Hatuagi jamaa akiwa na koo kavu."

Guleid akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. "Eeddo, shangazi yangu, haya yameharibika!"

"Yataachaje? Friji unayoichomoa kila usiku pale hotelini ni yangu, ndimo ninamolaza maziwa."

Soko lilicheka mpaka ngamia wakageuka kutazama. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikamrudisha mbuzi wangu nyumbani kwa njia ya nyuma, nisije nikaulizwa nilikuwa nampeleka wapi.