Warumi Ndani ya Mizeituni Yetu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana. Mheshimiwa Msaidizi wake, uliyekuja kwa sababu Mwakilishi hakuja. Waheshimiwa makatibu, watunza mihuri na dereva wangu. Wazee wa kijiji cha Oued Zitra. Na nyinyi kina mama mliosimama mbele na pembe za mbuzi vidoleni kuonyesha utamaduni wetu: asalaam aleikum! (Utamaduni gani? Mimi Bibi Zohra nauliza. Zeituni zimeiva, na sisi tunazichuma kwa pembe hizo. Miti yetu yote iko nyuma ya mgongo wa huyu anayehutubia, ndani ya uzio aliouweka yeye.)

Mimi, Lazhar Ben Toumi, Mkurugenzi Mratibu wa Uchimbaji wa Mambo ya Kale, ambaye bila mimi Warumi wangesahaulika kabisa, nina furaha isiyo na kifani, kupitia mchakato shirikishi na endelevu, kuwajuza kwamba chini ya mizeituni hii kimelala kitongoji cha raia wa mpakani, chenye mafundi viatu, wauza mvinyo, na wake za askari waliokuwa wakigombania maji nje ya ngome ya Kirumi! (Makofi kutoka kwa dereva. Mama Mbarka, mchumaji mwenzangu, akauliza, "Umewaona wapi, baba, na hujachimba hata shimo la kuku?" Kicheko.)

Kitakwimu, upembuzi yakinifu umefikia asilimia mia na nne, yaani tumeipita kazi yenyewe kabla ya kuianza. Awamu ya kwanza ilikuwa kuweka uzio, ya pili kuulinda uzio, na ya tatu, ambayo wadau wengi wameisifu, nikiwemo mimi, ni kutathmini ulinzi wa uzio. (Nikamwambia, "Lazhar, mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, usinizungushe. Fungua. Zeituni zinaoza chini, na mwaka mzima tutachovya mkate kwenye nini? Kwenye hotuba?" Makatibu wakaniambia ninyamaze. Sikunyamaza.)

Swali la Bibi Zohra ni zuri sana, na litaundiwa kamati ndogo. Lakini ni marufuku kugusa mti hata mmoja, maana huenda mzizi umekumbatia sahani ya Kirumi, nayo sahani hiyo ikivunjika, dunia nzima itaniuliza mimi! (Mama Mbarka: "Dunia haikujui, kula kwanza!" Wanawake wakaanza kusogea kwenye uzio.) Naona mnasogea kwa shauku. Ahsanteni! Uchimbaji, hoyee! Warumi kwanza! Uzio juu! (Uzio ulikuwa umeshainama.)

Mwisho, nawashukuru wafadhili, ambao bado tunawatafuta. Profesa wetu, ambaye nafasi yake itatangazwa. Na koleo la mradi, ambalo liko njiani. Zaidi ya wote nawashukuru Warumi wenyewe, ambao, kwa mujibu wa taarifa niliyopewa asubuhi hii, hawakuwahi kukaa hapa. Ngome yao na kitongoji chake viko ng'ambo ya mlima, na huko wenzetu walishachimba wakamaliza. Kwa hiyo mradi huu haukuwepo, haupo, na umefanikiwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyepiga makofi, mikono ilikuwa na kazi. Tulikuwa tumeshauvuka uzio, tuko juu ya ngazi zetu, zeituni zikidondoka kama mvua. Nikamtupia Lazhar mkeka wa kudakia zeituni. "Shika ncha hiyo, mwanangu, utandaze vizuri. Umesimama bure tangu asubuhi, na huli kwangu leo bila jasho." Akamtazama Mheshimiwa Msaidizi. Kisha akavua koti.)