Sufuria ya Wifi Iliyoshika Njia ya Kinshasa

Njooni, enyi watu wa Mangobo, nanyi wa Makiso mnaopita juu ya toleka, baiskeli za abiria! Shusheni miguu, mnisikilize mimi, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, niliyesoma hadi darasa la tano na kupigana vita moja. Lakini kwanza kitendawili: ana masikio mawili, ukimwita hasikii. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimechukua Makiso na bandari yake, jibu linakuja.

Ilikuwa Jumapili ya majira ya ukavu, mto ulipojivuta ukaacha kisiwa cha mchanga mweupe katikati yake, mahali mji mzima hukimbilia kucheza, kunywa na kujilaza. Pale hupaita plage. Miaka sitini na minane nimekaa ukingoni mwa mto huu, wala sijawahi kupakanyaga. Mjukuu wangu Djamila akaapa kwamba mwaka huu nitavushwa. Basi nikajifunga vikwembe viwili vya sikukuu, nikatwaa sufuria ya wali na samaki, sufuria mpya kabisa, mali ya wifi yangu Mwanahamisi, aliyeniazima huku akihutubia mlangoni:

"Wifi, hii sufuria iko jicho yangu. Irudie leo, tena vile inaenda. Ikikuya na doa, ama ikipotea, mimi na weye kuazimana imeisha, hata chumvi!"

Nikavuka kwa mtumbwi macho nimeyafumba, ushujaa ambao abiria wenzangu waliuona, wakaucheka. Ee kisiwa! Muziki uligongana na muziki, na watu walijaa kama soko. Jeshi letu la wajukuu likauangamiza wali kwa dakika kumi. Ndipo nikageuza sufuria, nikamwona adui: masizi meusi yameshika kitako chote!

Sasa, mwanamke aliyekulia mtoni akiona mchanga laini na maji mahali pamoja, mikono yake haimngojei. Mchanga mzuri namna ile, na watu wanaulalia bure! Nikachuchumaa, nikasugua.

"Koko!" Djamila akalia, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, amejificha nyuma ya miwani yake. "Hapa ni plage! Batu banaangalia! Tunakuyaka kuoga, hapana kusugua vyombo!"

"Ewe binti wa mwanangu!" nikanguruma. "Bibi zako walisugua kwa mchanga huu kabla neno plage halijazaliwa. Waache waangalie, wajifunze!"

Mto ukanijibu. Mtumbwi wa mota ukapita, wimbi lake likanipokonya sufuria iking'aa kama mwezi. Ikaelea, ikageuka mara moja kunitazama, ikashika njia ya Kinshasa, huko mto unakoteremkia.

"Sufuria! Rudi, sufuria ya watu!"

Masikio mawili inayo, haikusikia. Jibu lenu ndilo hilo.

Nikauona mlango wa Mwanahamisi unafungwa. Miaka thelathini ya kuazimana kinu, ungo, moto wa asubuhi na machozi ya misibani, yote ilikuwa inateremka na maji. Nikajitupa! Nikaupiga mto kushoto, nikaupiga kulia, vikwembe vikavimba kama puto, nikalikamata sikio moja, nikaanguka kwa makalio, maji yakanifika shingoni. Nikaanza shahada.

"Djamila, mwanangu, ninakufa! Mupelekee Mwanahamisi sufuria yake!"

Hata muziki ulinyamaza. Kisha nikasikia sauti ya mjukuu wangu, taratibu:

"Koko, simama."

"Ninakufa, nakuambia!"

"Bon, unakufa. Lakini simama kwanza."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Wakacheka, wallahi, kisiwa kizima kilicheka, nami nikiinua sufuria juu ya kichwa, kisha wakapiga makofi wakiimba "Koko! Koko!", na Djamila akavua miwani yake akaimba kuliko wote.

Jioni Mwanahamisi aliigeuza sufuria, akapitisha kidole kitakoni.

"Haikukuwa inang'ara hivi wakati nilikupa." Akanitazama hadi miguuni. "Na weye, mbona umelowana?"

"Nilioga plage," nikasema, "kama kila mutu."

Akaiweka sufuria ndani, akarudi mlangoni.

"Jumapili ingine tutaenda sisi bawili. Niko na sufuria ingine tatu."

Basi yaandikwe, wasome wajukuu wa wajukuu: mto mkubwa ulitwaa sufuria ya Mwanahamisi, na bibi mmoja akaunyang'anya, katika kina cha magoti mawili, tena moja ni bovu.