Kitengo cha Sifa za Ziada

Ninayo heshima ya kutangaza kwamba mwaka huu wa 2005, zama hizi za soko huria, Kitengo cha Sifa za Ziada, Tukuyu, kimeacha rasmi kusoma mafaili. Kusoma kunachelewesha wawekezaji. Sasa kila faili la kiwanja kwenye kompyuta linabandikwa sifa ya ziada kwa nje, nasi tunaangalia sifa tu. Waraka niliuandika mwenyewe, mimi Mkuu wa Kitengo.

Fundi wetu Fred alinielekeza: kwenye skrini nyeusi unaandika amri ya setfattr, jina la sifa, maelezo yake, kisha jina la faili. Kilichomo ndani hakiguswi hata nukta. Nilifurahi mno, maana kilichomo ndani ndicho kilichokuwa kikitusumbua.

Chukua suala la mama Ikupa, mjane wa Ibighi. Faili lake lilisema kiwanja ni chake tangu 1978. Mwekezaji alikitaka ajenge hoteli, kwa hiyo sifa ya "mmiliki" ilipaswa isomeke "mwekezaji". Mama akaja na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo, akaomba nifungue faili nisome. Nikamweleza kwa upole kwamba kusoma tumeacha.

"Tata, nyumba yangu imo humo," alisema, akiniita baba kwa Kinyakyusa. "Na migomba."

Nilimwambia asiturudishe nyuma. Fred nikamwondoa kitini, kwani jambo zito haliandikwi na mtu wa cheo chake. Jina la faili lilikuwa refu, na mimi nachapa kwa kidole kimoja. Badala ya jina nikaweka alama ya nyota.

"Mkuu, nyota ni mafaili yote," Fred alisema.

"Sijakuuliza." Nikabonyeza.

Jumatatu mwekezaji akaja na futi kamba kupima sebule yangu, kule kata ya Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu. Alikuwa na adabu, alimwomba mke wangu asogeze kochi. Nikamwonyesha hati. Akanisomea waraka wangu. Iliniuma sana.

Waraka unasema sifa hufutwa kwa ombi la mwenye kiwanja, kwa foleni, dirisha namba moja, mbele ya Mkuu wa Kitengo. Nimekuta mji mzima umesimama kwenye mvua. Nilipojaribu kupita, mama Ikupa, aliyekuwa wa kwanza, alinizuia kwa mwavuli.

"Panga mstari, tata. Wewe ni wa mia nne na kumi."

Nimepanga. Dirisha limefungwa tangu asubuhi, na watu wanamtukana mhudumu wake kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Mhudumu ni mimi. Lakini nikienda kulifungua, nitapoteza nafasi yangu.