Idara ya Mate ya Ukoo wa Macdorran

Kitendawili! Swali naliuliza mimi, naliandika mimi, nalifungia kabatini mimi, na asiyetaka jibu ni mimi. Haya, fikirini. Msinipe mji, miji yenu sina haja nayo. Jibu litakuja lenyewe kwa miguu yake.

Mwezi wa Mei tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, hapa kwetu bonde la Dorran, kaskazini mwa Uskoti. Lilisema hivi: "Mheshimiwa Sir Torquil Macdorran, Mkuu wa Ishirini na Tatu wa Ukoo, kwa mamlaka aliyoachiwa na mababu zake, anautangazia ulimwengu kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Usafi wa Damu." Chini yake palikuwa na tangazo dogo la paka aliyepotea. Paka alipatikana siku hiyohiyo. Damu ilichukua muda.

Haja ya kamati haikuwa na ubishi. Zamani, mkuu wa ukoo akitaka watu wa kumpigania, alimpa mkulima debe la unga wa shayiri, na mkulima akalichukua jina. Vita vikaisha, unga ukaliwa, jina likabaki. Matokeo yake leo wapo kina Macdorran wauza samaki na kina Macdorran mafundi bomba, na wote, inasikitisha kusema, hufa na kutaka kuzikwa ndani ya ukuta wa makaburi ya ukoo. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Nne: asiye wa damu hatazikwa ndani ya ukuta, na aliyekwisha kuzikwa humo bila damu atatolewa ndani ya siku thelathini, pamoja na wote walioingia kwa jina lake. Sir Torquil aliitia sahihi mwenyewe na kuituma kwa posta kutoka London. Hukaa huko miezi kumi na mmoja, na Agosti huja kuwa na watu wake. Anatupenda sana, ila mwezi mmoja unamtosha.

Katibu wa Kamati alikuwa Bwana Purdie, mstaafu wa kodi, mtu wa kanuni mpaka kofia huivaa kwa kanuni, imeshuka mpaka shingoni. Kwao wamekuwa makarani wa hapa baba kwa mwana tangu barabara haijafika. Yeye ndiye aliyeandika kijitabu cha ukoo, na ukurasa wa tatu umeeleza kwamba masikio mapana ya Sir Torquil, yanayowaka mekundu akikasirika, ni alama ya damu ya kifalme. Sisi tulidhani ni baridi.

Mimi niliteuliwa Mkuu wa Idara ya Mate. Msicheke. Nimechemsha chai katika ukumbi ule miaka thelathini bila cheo. Lakini mate ya wanaume, ambayo yana alama itokayo kwa baba kwenda kwa mwana bila kupotea njiani, hutiwa kwenye vichupa, na vichupa vinataka mahali pa baridi, na mahali pa baridi palikuwa kabati langu la biskuti. Biskuti zikahamishwa. Mimi nikapandishwa.

Kazi ya kwanza ilimwangukia Wattie Macdorran, jirani yangu, mchimba makaburi, miaka themanini na mitatu. Mkewe Netta amelala ndani ya ukuta mwaka wa pili sasa. Jiwe lina majina mawili, na la Wattie limebakiza tarehe tu. Kila Jumapili baada ya ibada humng'olea Netta magugu na kumsomea matokeo ya mpira.

Purdie alimwita na kumfungulia kitabu cha baraza la wazee wa kanisa cha mwaka 1791. Enzi hizo mwanamke akishika mimba bila mume aliitwa mbele ya wazee, akakalishwa kigoda cha aibu waumini wote wakimtazama, mpaka amtaje baba. Elspeth, mpishi wa kasri la mkuu wa ukoo, alizaa mtoto wa kiume akampa jina la Macdorran.

"Huyo ndiye bibi wa mababu zako," Purdie alisema. "Kwa hiyo jina lako, mzee Wattie, halina stakabadhi."

"Lina mimi," Wattie alijibu. "Hebu soma bibi yangu alivyosema. Asije akatajwa halafu asisikike."

Purdie alisoma: "Akaulizwa, baba wa mtoto ni nani? Akajibu, kamuulizeni kwanza bibi mwenye kasri, mke wa mkuu, naye kajifungua wiki hiihii. Akijibu yeye, na mimi nitajibu. Utovu wa adabu. Swali la bibi mwenye kasri limeahirishwa. Nimeandika mimi, Purdie, karani."

"Limeahirishwa mpaka lini?" niliuliza huku namimina chai.

"Haikutajwa."

"Basi bado lipo kwenye ajenda, Bwana Katibu."

Alinitazama kwa uchungu wa mtu aliyeshikwa na kanuni yake mwenyewe. Akaliandika: Kipengele cha Kwanza, mambo yaliyoahirishwa. Kuanzia hapo kila kikao kilifunguliwa hivyohivyo. Kipengele cha kwanza? Hakuna jibu. Linaahirishwa. Biskuti?

Siku ya mate, Sir Torquil, aliyekuja mahususi kwa ndege, alitema huku akipigiwa zumari la mkoba. Purdie naye alitema, awe mfano kwa wengine. Wattie alishindwa. Mdomo ulimkauka kama gunia.

"Dada Ishbel," alininong'oneza, "wakinikataa, nani atakwenda kumwambia Netta?"

"Tema kwanza, we mzee. Kulia kuna idara yake."

Kula kabla ya kutema ni marufuku. Kuonyeshwa limau hakujakatazwa popote. Nililikata taratibu mbele ya macho yake, na kichupa kikajaa.

Majibu yalifika Agosti, siku ya mkutano mkuu wa ukoo, visubi vikitutafuna bila kuuliza damu ya nani. Ukumbi ulijaa. Purdie alifungua bahasha, akaanza na Wattie.

"Mate ya Walter Macdorran hayafanani na ya Mheshimiwa Mkuu."

Makofi kidogo, ya heshima. Sir Torquil aliinamisha kichwa. "Pole sana, mzee. Si mimi, ni sayansi."

Wattie alisimama, kofia mkononi. "Na Netta?"

"Aliingia kwa jina lako," Purdie alisema. "Siku thelathini."

Wattie aliitazama mikono yake. "Basi kazi hiyo nipeni mimi. Nilimlaza kwa mikono hii. Asishikwe na mgeni."

Hapakuwa na makofi. Mimi nilisimama, aproni na yote. "Idara ya Mate inaomba karatasi isomwe mpaka mwisho. Kanuni ya Saba, Bwana Katibu. Uliitunga wewe."

Purdie alisoma, na kadiri alivyosoma sauti ilishuka kama mtu anayeteremka kisimani. Mate ya Wattie yalifanana na ya kina Macdorran kumi na mmoja wa Nova Scotia, huko Kanada, wazao wa mdogo wake mkuu wa enzi za Elspeth, aliyevuka bahari mwaka 1773. Nasaba yao Purdie mwenyewe alikwisha kuipiga mhuri: Damu Safi Kabisa.

"Ala!" alisema muuza samaki kutoka nyuma. "Kumbe mpishi hakusema uongo!"

"Na mimi?" Sir Torquil aliuliza. "Mimi ninafanana na wangapi?"

Purdie aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Pameloa maji, Mheshimiwa."

"Pakavu," nilisema. "Mimi ndiye Idara."

"Soma, Purdie!" Masikio ya kifalme yaliwaka.

"Yupo... yupo mmoja tu, Mheshimiwa." Jasho lilimtiririka. Alivua kofia ajifute, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ukumbi mzima uliona masikio mawili mapana, mekundu kama makaa, yakitazamana na mengine mawili ya namna hiyohiyo upande wa pili wa meza.

Hakuna aliyecheka. Sisi ni watu wa heshima. Tulikohoa tu, watu mia moja na ishirini kwa pamoja.

Wattie aliirudisha kofia yake kichwani polepole. "Kanuni ya Nne," alisema. "Tangu yule mtoto wa bibi mwenye kasri mpaka leo, wamo wakuu sita mle ndani. Majeneza ya madini ya risasi yote, mazito. Na mgongo wangu huu."

"Mzee Wattie, rafiki yangu," Sir Torquil alisema, na hilo la rafiki lilikuwa jipya, "hii Kanuni ya Nne nadhani inaweza kufutwa. Sasa hivi. Eti, Purdie?"

"Wote wabaki?" Wattie aliuliza. "Na Netta?"

"Wote! Na wewe, na Netta, na wa unga, na wa samaki!"

"Mimi sina kinyongo nao," alisema Wattie. "Waacheni walale. Hawakujitia wenyewe."

Mkono wa Purdie ulikwisha kushika kalamu. Nilimwekea kikombe cha chai mbele yake.

"Kanuni itafutwa kwa utaratibu, Bwana Katibu. Hakuna jambo jipya kabla ya yaliyoahirishwa. Kipengele cha kwanza. Bibi mwenye kasri ameulizwa tangu mwaka 1791, na wote tunasubiri: baba wa mtoto ni nani?"

Alimtazama Sir Torquil. Sir Torquil alitazama dari. Purdie alivaa kofia, akaivua tena, akachovya kalamu, akaandika neno moja, na kwa kuwa kanuni inataka kila kilichoandikwa kisomwe kwa sauti, akalisoma.

"Karani."