Tangazo la Kuahirisha Kutembea

Kutembea kumeahirishwa. Ndivyo lilivyoanza tangazo lililobandikwa kwenye kila mlango wa ghorofa mjini Sary-Tektir, mwaka ule wa barakoa. Watoto wote ambao hawajaanza kutembea waendelee kutotembea, kwa utulivu na uzalendo, mpaka Kamati itakaporidhika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu alikuwa anazungumzia guu lenyewe.

Mtunzi wa tangazo hilo alikuwa Bwana Toktosun Bapaev, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Hatua za Mwanzo, na tusimcheke kabla hatujamsikiliza. Polisi walikuwa wamezuia harusi, wakazuia matanga, lakini sherehe za kukata kamba ziliwashinda. Kwetu mtoto akianza kutembea hufungwa miguu kwa kamba ya sufu nyeusi na nyeupe, watu wakashindana mbio, na wa kwanza kufika akaikata, ili mtoto aende duniani bila kujikwaa. Mbio zenyewe ni za dakika moja. Kinachofuata ni kondoo, sinia, na wakwe sitini wakipumuliana. Toktosun akaona akate mzizi wa fitina: mtoto asiposimama, kondoo hafi, mkwe haji, na ugonjwa unakosa pa kukaa. Mkuu wa mkoa alisoma pendekezo hilo akasema lina kina.

Toktosun aliiendesha Kamati kutoka jikoni kwake, koti na tai juu, suruali ya kulalia chini. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Humo waliishi yeye na mkewe Sonun, pamoja na mke wa mwana wao, Perizat, ambaye mumewe Ermek alikuwa amekwama kwenye kazi za ujenzi Urusi tangu mipaka ifungwe. Perizat alikuwa na watoto wawili: Begimay wa miaka sita, aliyesoma darasa la kwanza kwenye televisheni, na Alinur, aliyekuwa na mwaka na ushei. Simu ya Kamati ilianza kulia kabla chai haijapoa.

"Mwenyekiti, mwanangu amesimama," alisema mama mmoja.

"Ameshika kitu?"

"Ameshika meza."

"Huko si kusimama, mama, huko ni kuegemea. Kuegemea kunaruhusiwa."

"Halafu ameiachia meza, akaenda hatua mbili."

"Akaishia wapi?"

"Chini."

"Basi ameanguka tu, ila amechelewa kidogo. Kamati inakushukuru kwa ushirikiano."

Alikata simu, akageuka, na hapo mjukuu wake Alinur akapita mbele yake kwa miguu miwili, mwiko mkononi.

Sonun aliacha kukanda unga. "Baba Ermek, umemwona?"

"Nimemwona anatambaa."

"Anatambaa huku amesimama?"

"Anatambaa wima. Kila mtoto na mtindo wake."

Wiki nzima familia ilishirikiana na serikali. Toktosun akikohoa mlangoni, Begimay alimvuta mdogo wake akae chini. Akitoka, mtoto aliinuka akaendelea na shughuli zake. Ila alikuwa anajikwaa mno. Alijikwaa kwenye zulia, akajikwaa kwenye kizingiti, na siku ya Alhamisi akagonga paji la uso kwenye jiko likavimba kama andazi. Perizat alimkumbatia, wakalia wote wawili. Mke wa mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe, kwa hiyo maneno yake aliyaambia sakafu.

"Baba, kamba haijakatwa. Mtoto atajikwaa maisha yake yote. Baba yake ananiuliza kila siku kwenye simu kama imekatwa."

Tusimnyime Toktosun haki yake: mtoto yule alimpenda sana, na ule uvimbe ulimuuma yeye zaidi. Alikaa mezani akajiandikia ombi maalumu. Akalipokea. Akajikatalia mara moja kwa ajili ya nidhamu, kisha akajikubalia.

"Tutafanya Sherehe ya Mfano Isiyo na Mkusanyiko," alitangaza. "Watu ni sisi wa humu ndani. Mkuu wa mkoa atatazama kwenye simu. Na kamba nitaikata mimi."

Furaha iliyoanza kupanda usoni mwa Perizat iliishia njiani. Maana hakuna asiyejua kwamba mtoto huchukua tabia za aliyemkatia kamba. Ndiyo sababu watu hutafuta mtu mwepesi, mcheshi, mwenye bahati. Sonun alimkagua mumewe kutoka tai hadi suruali ya kulalia.

"Ukate wewe?"

"Mimi ni Mwenyekiti."

"Kwa hiyo mtoto akikua awe kamati? Anakata anayeshinda mbio, Baba Ermek. Kamba haina mwenyekiti."

"Basi nitakimbia."

"Na nani?"

"Na mimi," alisema Begimay, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi Alinur alisimamishwa mwisho wa ukumbi mwembamba wa nyumba, miguu imefungwa, mama yake amemshika kwapani. Simu mbili ziliegemezwa ukutani: kwenye moja yumo Ermek na kofia yake ya ujenzi, kwenye nyingine mkuu wa mkoa. Toktosun alisimama mlangoni mwa jikoni, kando yake Begimay bila viatu. Alifungua karatasi.

"Kwa mamlaka niliyopewa, mbio hizi zitazingatia vifungu vifuatavyo..."

Sonun alipiga kofi moja, na Begimay akachomoka. Babu alipofika kifungu cha pili, kinachohusu umbali kati ya wakimbiaji, umbali ulikuwa umeshazingatiwa. Mama alimshika binti mkono, kisu kikapita, kamba ikaanguka. Alinur aliitazama miguu yake kidogo, kisha akaenda zake moja kwa moja hadi jikoni kufuata mwiko. Hakujikwaa. Ermek alilia akacheka papo hapo, na Perizat akasahau adabu zote akapiga vigelegele.

Kwenye ile simu nyingine, mkuu wa mkoa alikohoa. "Toktosun, hebu sogea pembeni."

Toktosun aliingia na simu bafuni, akafunga mlango.

"Mjukuu wangu naye anatembea," alisema mkuu wa mkoa kwa sauti ya chini. "Tangu mwezi wa nne. Wageni wakija tunamficha kwenye kabati la makoti. Jana kajikwaa, kavunja jino. Mama yake hasemi na mimi."

Toktosun alisimama wima, akakaza tai. Kazi yote ya maisha yake aliiona imefika kileleni. "Mheshimiwa, kesho asubuhi nitakuja mwenyewe. Nitakimbia peke yangu, kwa hiyo nitashinda, na kamba nitaikata kwa mkono wangu huu."

Mkuu wa mkoa alitikisa kichwa.

"Hapana, Toktosun," alisema kwa upole. "Mlete yule binti. Huyu mtoto tunampenda."